Waliopanda Miti

Kwa miaka mingi niliyofundisha walimu, nilikuwa na desturi ya kuufungua mwaka wa masomo kwa kisa cha mfupa wa ngamia. Palikuwa na binti wa mfalme, niliwaambia wanachuo, aliyetaka kujua kuandika. Kwao wasichana walifundishwa kusoma tu, na kalamu ilikuwa ya wanaume. Basi akatafuta mfupa wa bega la ngamia, akaufanya ubao, akafungua msahafu na kunakili herufi moja moja kwa siri mpaka mkono ukazoea. Wanachuo hunyamaza wakisikia hivyo. Hapo huwauliza: ninyi mliopewa chaki na ubao, mnalalamikia nini?

Kisa hicho si cha kubuni. Binti huyo ni Salme, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan wa Unguja, aliyezaliwa Agosti 30, 1844 katika Kasri la Mtoni. Amekisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, nami nilikisoma kwa tafsiri ya Kiingereza. Lakini sina budi kuungama kwamba miaka yote ile nilikuwa nakisimulia nusu. Sikuwaambia wanachuo wangu yule binti aliitumia kalamu yake kuandika nini alipotimiza miaka 15. Nusu hiyo ya pili niliielewa uzeeni, baada ya mimi mwenyewe kushika kalamu na kuiuza nyumba ya baba yangu.

Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Mahiwa. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps kama walivyoitwa, walipiga kambi upande ule, na jina hilo likafinyangwa midomoni mwa watu mpaka likawa Kariakoo. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Aliingia mjini na mzigo wa mtu mwingine kichwani, na vita vilipokwisha hakurudi kwao. Alipata kiwanja, akajenga nyumba ya miti na udongo, akaiezeka kwa madebe yaliyokunjuliwa. Baba yangu ndiye aliyeiweka bati na kuipiga saruji.

Aliyezaliwa katika ghorofa za leo huenda haijui nyumba ya namna ile, kwa hiyo nieleze kidogo. Mbele palikuwa na baraza ya kukalia wazee jioni. Ukiingia mlangoni unaikuta njia ya kati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa njia mlango wa pili unakutoa uani. Huko ndiko nyumba yenyewe ilikokuwa. Huko ndiko kulikuwa na jiko, kinu, mbuzi ya nazi, pipa la maji, na vyumba viwili vya nyuma vya wapangaji. Kelele za sokoni zilikuwa mtaa wa pili tu, lakini ukifunga mlango wa mbele na kuvuka njia ile ya giza, ulitokea mahali pengine kabisa. Palikuwa na mkomamanga, mlimau, mpapai mmoja mrefu kupita paa, asmini iliyotambaa ukutani, na rehani ndani ya makopo ya samli. Sisi watoto tukiita bustani. Mgeni angeita ua wa nyuma wenye miti mitatu. Lakini bustani haipimwi kwa hatua. Hupimwa kwa jinsi mtu anavyoshusha pumzi anapoingia.

Mwenye kuitunza bustani ile hakuwa mtu wa ukoo wetu. Alikuwa mpangaji wa chumba kimoja cha uani, mwanamke mjane aliyekuja nikiwa shule ya msingi na kukaa zaidi ya miaka 40. Sisi tulimwita bibi tangu angali kijana, kwa heshima tu. Mkomamanga aliupanda yeye, kwa mbegu. Asmini aliileta kijiti ndani ya kitambaa kilicholoana. Jioni alitunga maua na kuyauza kwa wenye harusi, na kodi yake hatukuwahi kusikia imechelewa. Mama yangu alipofariki, ni yeye aliyetupikia siku zote za matanga bila kuombwa.

Baba alifariki mwaka 1998. Siku chache kabla, nilipokuwa nimeketi naye peke yangu, alisema: "Yule bibi asitolewe. Apewe chochote." Nikaitikia, "Ndiyo, baba." Wala sikuongeza neno, maana mtu akiwa katika hali ile humkatishi kwa maswali.

Msomaji anayejua mirathi ya Kiislamu atakuwa amekwisha kuliona tatizo. Mpangaji si mrithi. Lakini sheria imemwachia mwenye mali nafasi ya wasia, asiyezidi theluthi ya mali yake, kwa ajili ya watu kama yule ambao hawamo katika hesabu ya warithi. Neno la baba lingeweza kuwa wasia. Lilihitaji kuandikwa na kushuhudiwa, na aliyelisikia alikuwa mimi tu, mwalimu, mtu ambaye kazi yake maishani ni kuandika.

Tulikaa kikao mwaka 2003, ndugu saba, kwenye baraza ileile. Kariakoo ilikuwa inabadilika kwa kasi. Kila mtaa nyumba za chini zilikuwa zinavunjwa na ghorofa kupanda, na mtu mmoja mwenye fedha alikwisha kutuma ujumbe. Wadogo zangu wawili walikuwa na shida za kweli, sitawalaumu. Mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa, na mwingine madeni. Dada zetu walitaka kila mtu apate haki yake maadamu wangali hai. Mimi nilikuwa mkuu wa chuo mkoani, nikija Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka na kukuta bati linavuja. Kwa kuwa nilikuwa mkubwa na mwandiko wangu unasifiwa, nikapewa daftari niandike muhtasari.

Niliandika vizuri sana. Niliandika majina ya warithi, hisa ya kila mmoja, mwanamume mara mbili ya mwanamke, na bei. Nilipofika mahali pa kuuliza kama kuna lolote jingine, nilinyanyua kichwa nikawatazama ndugu zangu. Walikuwa wamechoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano walikuwa hawagombani. Nikajiambia kwamba nikilitaja neno la baba sasa, watasema nimelitoa wapi, na mapatano yatavunjika. Nikaandika: "Hapakuwa na mengineyo. Kikao kilifungwa saa 11 jioni." Wakati ule bibi alikuwa uani anapepeta mchele. Nilikuwa naisikia ungo.

Mwaka uliofuata nilipata likizo nikavuka kwenda Unguja. Nilijiambia naenda kupumzika, na kukiona kwa macho kile nilichokuwa nakifundisha. Nilipanda daladala ya Bububu, nikateremka Mtoni, kilomita chache tu kaskazini ya Mji Mkongwe, nikashuka kuelekea baharini.

Ili kuelewa nilichokiona, lazima kwanza ujue nilichokuwa nimekisoma. Kasri la Mtoni ndilo la kwanza alilojenga Sayyid Said alipoanza kuhamishia makao yake kutoka Omani, kati ya mwaka 1828 na 1834. Lilijitenga na mji kwa makusudi. Mbele lilitazama bahari, nyuma lilifichwa na minazi na miembe, na kijito kilichoipa nyumba jina lake kilipita ndani ya eneo lake kikaingia baharini. Mfalme alikuwa na nyumba mjini kwa ajili ya shughuli za dola, lakini sehemu kubwa ya juma alikaa Mtoni. Salme anakadiria kwamba watu wa mahali pale, ukijumlisha wote, walifika kama 1,000.

Katikati palikuwa na ua mkubwa. Humo walitembea paa, tausi, mbuni, heroe, bata na kanga, bila kufungwa, na watoto wakikimbizana nao. Upande wa bahari ilichomoza roshani ya mbao ya mviringo, ambako Sayyid Said alinywa kahawa yake na kutembea huku na huko kichwa kakiinamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi aliyopigwa pajani zamani vitani. Mwisho wa ua yalikuwapo mabafu, na kandokando yake michungwa mikubwa. Hapo ndipo panaponichekesha kila ninaposoma: Salme anasema watoto walikuwa wakipanda na kujificha ndani ya matawi ya michungwa ile kumkimbia mwalimu wao, mwanamke mkali kupita kiasi. Nimefundisha miaka 38. Najua kabisa mtoto aliyejificha mtini anavyomtazama mwalimu kwa chini.

Nilichokikuta mimi ni kuta. Paa hakuna. Mizizi ya miti imeingia ndani ya mawe na kuyashika kama vidole. Ua upo, maana nafasi tupu haivunjiki, na mabaki ya mabafu yapo. Bahari nayo ipo, karibu kuliko nilivyodhani. Nilitembea mahali nilipokisia michungwa ilikuwapo. Hapakuwa na mchungwa.

Wengi huona gofu wakalaumu mvua na chumvi ya bahari. Lakini nyumba ile ilianza kuanguka ikiwa bado ina paa. Sayyid Said alifariki Oktoba 1856 akiwa baharini, akiacha watoto 36, wanaume 18 na wanawake 18. Mali iligawanywa. Unguja ikawa ya Majid, Omani ikawa ya Thuwaini, na Barghash, mdogo wa Majid, hakuridhika. Mwaka 1859 Barghash akapanga kumpindua kaka yake, na ndugu wakagawanyika pande mbili, hata dada kwa dada wakawa hawatembeleani.

Njama huhitaji barua, na barua huhitaji mwandishi anayeaminika. Ndani ya nyumba alikuwamo msichana wa miaka 15 aliyejifundisha kuandika kwenye mfupa wa ngamia. Salme ndiye aliyeandika. Alimpenda Majid, aliyemlea kwa wema, lakini alivutwa na dada yake upande wa Barghash, na kalamu ikawa mkononi mwake. Njama ikashindwa kwa msaada wa manowari ya Waingereza, Barghash akahamishiwa Bombay, na familia ile haikupona tena.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1866 Salme aliondoka Unguja kwa siri. Mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani mjini Aden, akahamia Hamburg. Miaka mitatu baadaye akawa mjane mwenye watoto wadogo katika nchi ya baridi. Miaka hiyohiyo, upande wa pili wa bahari, Majid alikuwa anajenga mji mpya ufuoni mwa Mzizima na kuupa jina, Dar es Salaam. Boma la Kale la bandarini ni la enzi yake. Majid akafa mwaka 1870, Barghash akatawala. Salme aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai urithi wake, yule kaka aliyemwandikia barua zote zile alikataa hata kumwona. Akaenda Mtoni kutazama nyumba aliyozaliwa, akaikuta imekwisha kuwa gofu. Ilikuwa miaka 29 tu tangu baba yao afe. Yeye mwenyewe alifia Ujerumani mwaka 1924.

Niliketi juu ya jiwe pale Mtoni nikayawaza hayo, na ghafula nikajiona mimi na daftari langu. Kalamu ya Salme iliandika kilichowagawa ndugu. Yangu haikuwagawa, ilifanya jambo la aibu zaidi: iliwapatanisha kwa gharama ya mtu asiyekuwapo kikaoni. Salme angalau alirudi baadaye kwenye karatasi akaungama kwamba alimkosea Majid.

Kisha likanijia swali jingine, ambalo katika kukisoma kitabu kile mara nyingi sikuwahi kuliuliza. Michungwa ile nani aliipanda? Nani alichota maji ya kuimwagilia, akasafisha mabafu, akaokota kinyesi cha tausi kila asubuhi? Wengi wa wale watu 1,000 walikuwa watumwa. Salme anawakumbuka kwa ujumla, baadhi kwa upendo, lakini pia anautetea utumwa katika sura nzima ya kitabu chake, jambo linalomhuzunisha msomaji anayempenda kama mimi. Tunajua jina la mfalme, la mkewe mkubwa, la farasi na meli. La aliyepanda michungwa hatulijui. Kalamu huona kule inakoelekezwa tu. Mimi mjukuu wa mpagazi, ambaye jina la babu yangu sidhani limo katika daftari lolote la vita vile, nilikuwa nimemfanyia mtu mwingine vilevile.

Niliporudi Dar es Salaam nikamtafuta bibi. Alikuwa amehamia Mbagala, chumba kimoja kwa mjukuu wake. Nilimkuta ameketi nje kwenye mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu! Karibu, karibu. Wote hawajambo?"

Nikaketi. Tulipomaliza kuulizana hali nikamweleza neno la baba, lote, na kwamba nililisikia na sikulisema. Nilikuwa nimechukua sehemu ya hisa yangu ndani ya bahasha, nikaiweka mkekani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa machozi, au kwa ukali, au kwa msamaha wa maneno mazuri ambao ungenituliza. Hakunipa hata kimoja. Alinyamaza kidogo, akasema, "Baba yako alikuwa mtu." Akaichukua bahasha akaiweka chini ya khanga. Halafu akauliza:

"Mkomamanga wameukata?"

"Wameukata, bibi."

"Ulikuwa na matunda."

"Ndiyo."

"Wangengoja yakaiva."

Hakuliongeza jambo hilo, akamwita mjukuu alete chai. Nimepata kuhukumiwa na wakaguzi wa elimu, na hata na wizara, lakini hukumu ile ya maneno mawili matatu ndiyo ninayoamka nayo usiku. Nilimtembelea mara kwa mara mpaka alipofariki. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Deni lililolipwa kwa kuchelewa ni deni lililolipwa, lakini aliyelala njaa wakati wa kungoja halirudishiwi tumbo lake.

Pale palipokuwa nyumba yetu sasa pana ghorofa lenye maduka ya nguo chini na bohari juu. Soko kuu la Kariakoo lililoungua Julai 2021 lilinishitua, lakini sikushituka kama Novemba 16, 2024, iliposemwa kwamba jengo la ghorofa limeporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani. Nilikuwa nimeketi na redio. Kabla sijajua ni mtaa gani, mikono ilikuwa inatetemeka kwenye simu. Halikuwa lililojengwa juu ya uwanja wetu. Lakini waliokufa, zaidi ya watu 20, walikuwa na mama zao, na nilijua siku ile kwamba mtu akiiuza nyumba hauzi wasiwasi wake.

Wajukuu wangu huniuliza kama najuta kuuza. Huwajibu kwamba sijui. Bati lilikuwa linavuja, mtoto wa ndugu yangu alitibiwa akapona, na mji hauwezi kusimama ili mzee mmoja aendelee kuona mpapai wa utoto wake. Ninachojuta nakijua kwa hakika, ni sentensi moja: "Hapakuwa na mengineyo." Palikuwa na mengineyo. Yalikuwa uani yanapepeta mchele.

Ndiyo maana nimeandika haya, na kwa mara ya kwanza nimekisimulia kisa cha mfupa wa ngamia chote. Kujua kuandika si fadhila yenyewe. Ni chombo tu, kama panga, kinachoweza kupalilia na kinachoweza kukata mti wenye matunda. Nawe msomaji uliye na nyumba, kubwa ya kifalme au ya vyumba sita, andika wasia wako ungali na nguvu, uite mashahidi wawili, usimtwike mwanao neno la siri kitandani. Na ukisha kuandika nani atarithi kuta, geuza ukurasa uandike na hili pia: mkomamanga aliupanda nani, asmini aliileta nani, na maji alichota nani. Ukurasa huo hautasomwa mahakamani. Lakini siku kuta zitakapokuwa hazipo, ndio utakaokuwa nyumba.